WASIFU WA WILLIAM FRIEDMAN: MFUMBUZI WA SIRI NA KITABU KILICHOMSHINDA

Maagizo kwa mtahiniwa: Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni. Unaposoma, angalia jinsi matukio yalivyopangwa kwa kufuata wakati, na jinsi jambo lililothibitishwa linavyotenganishwa na jambo linalodhaniwa tu. Mtahini hupenda kupima uwezo huo.

Utangulizi

Katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, kimehifadhiwa kitabu kimoja kidogo kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama. Namba yake ni MS 408. Kina kurasa zipatazo 240. Ndani yake mna picha za mimea isiyotambulika, michoro ya nyota na jua, na picha za wanawake wanaooga katika madimbwi ya maji ya kijani. Pembeni mwa picha hizo yamepangwa maandishi mazuri, yaliyoandikwa kwa mkono mwepesi kama wa mtu aliyejua vizuri anachosema. Hata hivyo, hakuna mtu aliyewahi kusoma hata sentensi moja ya kitabu hicho na usomaji wake ukathibitishwa. Herufi zake hazipatikani katika kitabu kingine chochote. Hata lugha iliyo chini ya herufi hizo haijulikani.

Kitabu hicho huitwa Mswada wa Voynich, kwa jina la Wilfrid Voynich, mwuza vitabu vya kale aliyekinunua mwaka 1912 kutoka kwa watawa Wajesuiti huko Frascati, karibu na Roma. Wengi wamejaribu kukifumbua. Miongoni mwao, ni wachache waliokuwa na silaha za kutosha kama William Friedman, mtu aliyefumbua siri za mataifa katika vita viwili vikuu. Wasifu huu unaeleza maisha yake, kazi yake, na sababu zilizomfanya bingwa huyo ashindwe na kitabu kimoja.

Kuzaliwa na malezi

Friedman alizaliwa tarehe 24 Septemba 1891 katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya himaya ya Urusi. Leo mji huo ndio mji mkuu wa Moldova. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, nao walimpa jina la Wolfe. Wakati huo Wayahudi wa himaya ya Urusi waliishi kwa mashaka. Sheria ziliwabana wasiishi watakako wala kufanya kazi watakayo. Mtoto akiwa bado mdogo sana, familia ilihamia Marekani na kupata makao katika mji wa Pittsburgh. Huko mtoto akaitwa William.

Baba yake alikuwa mtu wa lugha nyingi, aliyewahi kuwa mfasiri katika idara ya posta ya Urusi. Marekani hakupata kazi ya namna hiyo. Alipita mlango kwa mlango akiuza cherehani. Kwa hiyo William alikulia katika nyumba ambamo lugha zaidi ya moja zilisikika, na ambamo fedha hazikuwa nyingi.

Elimu

Kwanza alisomea kilimo katika chuo cha Michigan. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Cornell, ambako alisoma jenetiki, yaani elimu ya jinsi sifa za viumbe zinavyorithiwa kutoka kizazi hadi kizazi. Alihitimu mwaka 1914. Hakuwa amesomea lugha wala hisabati ya siri. Hata hivyo, jenetiki ilimfundisha jambo moja ambalo lilimfaa maisha yake yote: kuhesabu vitu vingi kwa uvumilivu, kutazama ni kipi kinachojirudia, na kutoamini hitimisho kabla ya hesabu kukubali.

Riverbank: mlango wa siri

Mwaka 1915 aliajiriwa na George Fabyan, tajiri wa biashara ya nguo aliyekuwa na shamba kubwa liitwalo Riverbank, magharibi ya Chicago. Tajiri huyo aliwakusanya watafiti wa kila aina shambani mwake. Friedman alipewa kazi ya kuboresha mbegu na kufuga nzi wa matunda kwa ajili ya majaribio, naye akiishi ndani ya kinu cha upepo.

Katika shamba hilohilo palikuwa na mama mmoja, Elizabeth Wells Gallup, aliyeamini kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na Francis Bacon, na kwamba Bacon alificha habari hizo ndani ya maumbo ya herufi za chapa. Friedman alijua kupiga picha, kwa hiyo aliombwa akuze picha za kurasa za vitabu hivyo vya zamani. Akaanza kuzitazama herufi, na hakurudi tena kwa nzi wake. Hapo ndipo alipokutana pia na Elizebeth Smith, binti aliyeajiriwa mwaka 1916 kumsaidia Bi. Gallup. Walioana Mei 1917. Elizebeth naye alikuja kuwa mfumbuzi mashuhuri, aliyefichua mawasiliano ya siri ya wasafirishaji wa pombe haramu.

Wawili hao hawakuridhika na kazi ya Bi. Gallup. Waliona kwamba mama huyo alikuwa mwaminifu, ila alikiona alichotamani kukiona. Watu wengine walipotazama herufi zilezile kwa kufuata kanuni zilezile, hawakupata ujumbe aliokuwa akiupata yeye. Somo hilo Friedman hakulisahau: ufumbuzi wa kweli ni ule ambao mtu mwingine, akifuata njia ileile, anafika mahali palepale.

Kipimo cha Friedman

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, jeshi lake lilikuwa na wafumbuzi wachache mno. Maafisa wakapelekwa Riverbank kufundishwa na Friedman na mkewe. Mwaka 1918 yeye mwenyewe alipelekwa Ufaransa. Aliporudi, aliandika maandiko kadhaa juu ya ufumbuzi wa siri. Lililo maarufu zaidi aliliandika mwaka 1920, nalo likachapishwa mwaka 1922. Ndani yake alieleza kipimo ambacho kiliibadilisha kazi hiyo kutoka ubahatishaji hadi sayansi.

Kipimo chenyewe si kigumu kukielewa. Chukua ukurasa wowote wa Kiingereza, kisha uokote herufi mbili bila kuchagua. Uwezekano kwamba herufi hizo zitafanana ni takriban asilimia 6.7. Lakini kama herufi zote 26 zingetawanywa ovyo, kila moja ikiwa na nafasi sawa na nyingine, uwezekano huo ungeshuka hadi takriban asilimia 3.8. Tofauti hiyo inatokea kwa sababu lugha haitumii herufi zake kwa usawa. Kila lugha ina herufi inazozipenda na herufi inazozitumia kwa nadra, na kwa hiyo kila lugha ina kiwango chake.

Jambo muhimu zaidi ni hili: ukibadilisha kila herufi kwa alama nyingine isiyobadilika, kiwango hicho hakibadiliki. Alama zinaweza kuificha sura ya lugha, lakini haziwezi kuifuta tabia yake.

Tutoe mfano wa Kiswahili. Tuseme mtu asiyejua lugha yetu amepewa gazeti la Kiswahili ambalo kila herufi yake imegeuzwa kuwa alama ngeni, ila nafasi kati ya maneno zimeachwa. Akihesabu kwa uvumilivu, ataona kwamba karibu kila neno linamalizika kwa mojawapo ya alama tano tu. Hizo ni irabu zetu. Ataona kwamba alama moja, ile iliyosimama mahali pa a, imezizidi nyingine zote kwa wingi. Ataona pia vipande vilevile vikijirudia mwanzoni mwa maneno yanayofuatana, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli: kitabu kile kidogo kilipotea. Hajasoma neno hata moja, lakini tayari ameanza kuijua lugha. Akilinganisha tabia hizo na lugha anazozifahamu, atajua pa kuanzia.

Kwa hiyo swali la kwanza la mfumbuzi ni hili: chini ya alama hizi imelala lugha gani? Ndilo swali ambalo Mswada wa Voynich ulikataa kulijibu.

Mashine ya Wajapani

Mwaka 1921 Friedman alihamia Washington kulitumikia jeshi. Mwaka 1930 alikabidhiwa idara mpya ya jeshi ya kusoma mawasiliano ya siri. Aliwaajiri vijana wachache hodari wa hisabati na lugha, akawafundisha mwenyewe.

Mtihani wao mkubwa ulikuwa mashine ambayo wanadiplomasia wa Japani waliitumia kuficha barua zao. Wamarekani waliipa jina la PURPLE. Hakuna Mmarekani aliyekuwa ameiona mashine hiyo kwa macho. Baada ya miezi mingi ya kuhesabu, Septemba 1940, mwanahisabati kijana Genevieve Grotjan alitambua mpangilio uliokuwa ukitafutwa. Kundi hilo, ambalo kazi zake za kila siku ziliongozwa na Frank Rowlett, likaunda mashine yake lenyewe iliyofanya kazi kama ile ya Japani.

Hapa mtahiniwa aangalie jambo moja. Siri ya mashine hiyo ilikuwa ngumu kupita kiasi, lakini lugha iliyofichwa haikuwa siri. Wafumbuzi walijua kwamba ujumbe uliandikwa kwa Kijapani cha herufi za Kirumi, na mara nyingine kwa Kiingereza. Mara nyingine walikuwa na fununu ya maneno yaliyokuwamo. Walikuwa na mahali pa kukanyaga.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Mwanzoni mwa mwaka 1941 Friedman alizidiwa na uchovu wa akili, akalazwa hospitalini kwa miezi kadhaa. Huzuni na kukosa usingizi viliendelea kumrudia hadi uzee. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya siri, hakuweza kumweleza mtu yeyote nje ya idara kilichomlemea, hata mkewe.

Kitabu kisichosomeka

Kabla ya Friedman kuushughulikia mswada huo, tayari ulikuwa umemwaibisha msomi mmoja mkubwa. Mwaka 1921 Profesa William Newbold wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitangaza kwamba ameufumbua. Alidai kuwa mwandishi ni Roger Bacon, mtawa wa Kiingereza wa karne ya 13, na kwamba ndani ya kila herufi mlikuwa na mistari midogo inayoonekana kwa kioo cha kukuzia tu. (Mtahiniwa asimchanganye Roger Bacon na Francis Bacon aliyetajwa awali. Huyo wa pili aliishi miaka 300 baadaye.) Newbold alifariki mwaka 1926 akiamini hivyo. Mwaka 1931 John Manly, msomi aliyekuwa rafiki wa Friedman, alionyesha kwamba mistari ile midogo ilikuwa nyufa tu za wino uliokauka.

Newbold alikuwa pia na kosa la pili. Njia yake ilimruhusu kupangua herufi na kuzipanga upya. Ubaya wa njia hiyo unaonekana hata kwa Kiswahili. Chukua herufi nne: a, i, l, m. Mmoja atapata mali, wa pili lima, wa tatu mila, wa nne imla. Wote wamefuata kanuni, na kila mmoja ana jibu lake. Kama neno moja la herufi nne linatoa majibu manne, sentensi nzima itamwambia kila msomaji anachopenda kusikia.

Friedman alianza kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, aliwakusanya wenzake wa Washington waliokubali kukaa baada ya saa za kazi. Hawakukimbilia kutafsiri. Kwanza walikubaliana kila alama ya mswada iandikwe kwa herufi gani ya kawaida. Kisha wakaanza kuyahamishia maandishi hayo kwenye kadi zilizotobolewa matundu ili mashine ziweze kuhesabu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo hakuna kipimo kinachowezekana. Vita vilipokwisha, watu walitawanyika makwao, na mwaka 1946 kundi hilo likavunjika kabla ya kumaliza.

Hata hivyo, hesabu zilikuwa zimeonyesha jambo la ajabu. Maandishi hayo hayakuwa mchafuko wa alama zilizotupwa ovyo, kwani yalikuwa na utaratibu. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa mwingi kupita wa lugha za Ulaya. Alama fulani zilikaa mwanzoni mwa maneno tu, nyingine mwishoni tu. Maneno mafupi sana yalikuwa machache, na marefu sana yalikuwa machache vilevile. Maneno mengi yalifanana, yakitofautiana kwa alama moja tu. Mahali pengine neno lilelile liliandikwa mara mbili au hata tatu mfululizo. Kilatini hakiandikwi hivyo, wala Kiingereza, wala Kijerumani. Na siri za kawaida za zama zile, ambazo zilibadilisha herufi moja kwa alama moja, zisingeweza kugeuza Kilatini kuwa kitu cha namna hiyo.

Wazo ndani ya bahasha

Friedman alistaafu mwaka 1955, baada ya ugonjwa wa moyo. Mwaka 1957 yeye na Elizebeth walichapisha kitabu kilichochunguza madai yote ya siri ndani ya Shakespeare, wakaonyesha kwamba hakuna hata moja lililosimama. Ndivyo walivyolifunga suala lililowakutanisha ujanani. Mwaka 1958 maafisa wa serikali walifika nyumbani kwake wakachukua sehemu ya karatasi zake kwa sababu za usalama, jambo lililomuumiza sana mtu aliyekuwa ameitumikia serikali hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kwa upande wa mswada, alikuwa amefikia wazo. Aliona kwamba chini ya alama zile huenda hamna Kilatini wala lugha yoyote ya kuzaliwa nayo. Huenda mna lugha ya kubuni, iliyotungwa na mtu mmoja kutoka mwanzo. Katika lugha za namna hiyo, vitu vyote vya ulimwengu hugawanywa katika makundi, na kila neno hujengwa kwa alama ya kundi, kisha ya kikundi kidogo, kisha ya kitu chenyewe. Maneno ya vitu vinavyohusiana huanza kwa namna moja. Mtu wa Kiswahili anaweza kulielewa wazo hili kwa kukumbuka ngeli, ambapo kiambishi cha mwanzo hutangaza kundi la nomino. Lugha kama hiyo ingeeleza kwa nini maneno ya mswada yanafanana mno na kwa nini sehemu zake zina mahali maalumu. Mfumbuzi Mwingereza, John Tiltman, ambaye Friedman alimpa kurasa za kuchunguza, alifikia wazo linalokaribiana na hilo.

Friedman hakuwa na uthibitisho. Alijua vizuri yaliyompata Newbold. Kwa hiyo, mwaka 1959, yeye na Elizebeth walipochapisha makala katika jarida la wasomi wa fasihi kuhusu mafumbo ya kupangua herufi, aliliweka wazo lake katika tanbihi kwa namna ya fumbo kama hilo. Maelezo yake halisi aliyatia katika bahasha iliyofungwa, akamwachia mhariri wa jarida. Alikuwa ameshaonyesha kwamba mafumbo ya aina hiyo hayana jibu moja la uhakika, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kulisoma lake bila bahasha. Namna hiyo alihifadhi haki ya kuwa wa kwanza bila kudai mbele ya watu kwamba amefumbua asichokifumbua.

Mwaka 1962 alikusanya kundi la pili, safari hii kwa msaada wa kompyuta. Mwaka uliofuata nalo likasimamishwa kabla ya kufika mbali.

Kifo na yaliyofuata

William Friedman alifariki Novemba 1969, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa katika makaburi ya Arlington. Mwaka huohuo mswada uliomshinda ulipata makao yake ya sasa. Mfanyabiashara wa vitabu Hans Kraus, aliyekuwa ameununua mwaka 1961 na kukosa mteja, aliutoa zawadi kwa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1970 bahasha ilifunguliwa, na wazo la lugha ya kubuni likajulikana. Elizebeth alifariki mwaka 1980. Kwenye jiwe la kaburi lao, herufi zimechongwa kwa maumbo mawili tofauti kidogo. Anayezitazama kwa makini hupata zile za mwanzo za jina lake William, zimefichwa kwa njia ileile ya Francis Bacon waliyojifunza Riverbank.

Je, Friedman alikuwa sahihi? Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Arizona kilipima umri wa ngozi ya mswada, ikaonekana kwamba ni ya kati ya mwaka 1404 na 1438. Kwa hiyo Roger Bacon, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 13, hakuuandika. Umri huo unaliletea ugumu wazo la Friedman pia, kwa kuwa lugha za kubuni za aina aliyoieleza, kama zile za George Dalgarno (1661) na John Wilkins (1668), zilitokea zaidi ya miaka 200 baadaye. Leo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema mna lugha ya kawaida iliyofichwa kwa ustadi, wapo wanaosema mna lugha ya kubuni, na wapo wanaosema hamna maana yoyote bali alama tu za kumvutia mnunuzi. Mara kwa mara hutokea mtu anayetangaza kuwa ameusoma, na wenzake wakifuata njia yake hawafiki alipofika.

Hitimisho

Maisha ya Friedman yanakumbukwa kwa siri alizozifumbua. Lakini tabia yake inaonekana zaidi katika siri ile moja aliyoshindwa. Alikuwa na jina kubwa. Kama angetangaza jibu lolote, wengi wangeliamini kwa sababu tu limetoka kwake. Badala yake alihesabu, akakiri mbele ya wenzake kwamba hesabu haijatosha, na wazo lake akaliweka katika bahasha, mahali panapostahili wazo lisilothibitishwa.

TAREHE MUHIMU

1891: Kuzaliwa Kishinev
1914: Kuhitimu Cornell
1917: Kumwoa Elizebeth Smith
1922: Kuchapishwa kwa andiko la kipimo cha herufi
1940: Kufumbuliwa kwa mashine ya PURPLE
1944–1946: Kundi la kwanza la kuchunguza mswada
1959: Fumbo na bahasha
1962–1963: Kundi la pili
1969: Kufariki, mswada kutolewa kwa Yale

MSAMIATI

Mswada: maandishi ya mkono, hasa ya kale
Kufumbua: kufichua maana iliyofichwa
Tanbihi: maelezo yanayowekwa chini ya ukurasa
Kubuni: kutunga jambo ambalo halikuwapo
Fununu: habari ndogo isiyo kamili

MASWALI YA MARUDIO

(a) Taja mambo mawili katika malezi na elimu ya Friedman yaliyomwandaa kwa kazi yake. (alama 2)
(b) Kwa kutumia mfano wa gazeti la Kiswahili, eleza jinsi mtu anavyoweza kuitambua lugha kabla ya kuisoma. (alama 4)
(c) Kwa nini mashine ya PURPLE ilifumbuliwa ilhali Mswada wa Voynich haukufumbuliwa? (alama 3)
(d) Onyesha makosa mawili ya Profesa Newbold. (alama 2)
(e) Friedman aliliweka wazo lake katika bahasha. Je, uamuzi huo ulikuwa wa busara au wa woga? Tetea jibu lako kwa hoja tatu kutoka katika wasifu. (alama 6)
(f) Andika muhtasari wa sehemu ya Kitabu kisichosomeka kwa maneno yasiyozidi 80. (alama 8)

Kidokezo cha swali (e): Majibu yote mawili yanakubalika. Mtahini hatoi alama kwa msimamo pekee. Hutoa alama kwa hoja zilizotolewa katika kifungu na kuunganishwa na msimamo huo. Epuka kuandika kwamba Friedman aliufumbua mswada, kwa maana kifungu hakisemi hivyo.